Skrubu ya Kushoto Kwanza

12 Februari 1990

Mwanangu Tai,

Kadi yako ya mwaka mpya imefika. Shikamoo iliyokuwamo nimeiitikia, marahaba, ijapokuwa ilikuwa imechapwa pamoja na nembo ya kampuni, na nadhani shikamoo hiyohiyo wamepelekewa mafundi wote wa kamera nchi nzima. Sisi tu wazima. Baba yako macho bado makali, anatunga uzi sindanoni bila miwani, lakini masikio yamegoma. Jana nimempigia kelele kwamba mvua inakuja aanue nguo, akanijibu kwamba ameshashiba. Mkeo msalimie sana. Mwambie asibebe ndoo za maji na hali yake hiyo. Kama wewe upo nyumbani, basi ndoo zina mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tangu Novemba naagiza kamera mbili za Chuma kutoka ofisi yenu kuu, moja ya mpiga picha wa harusi na moja ya yule wa gazeti, ambaye yake ilianguka kutoka juu ya ukuta wa uwanja wa mpira. Naiita Chuma kama tunavyoiita sote kwa ule mwili wake wa chuma kitupu. Namba yake mnaijua wenyewe. Nimejibiwa mara tatu kwa maneno yaleyale: "Haipatikani kwa sasa." Halafu juzi Kicheko, yule wakala wa kampuni shindani mwenye duka mkabala na langu, amevuka barabara akanipa mkono wa pole. Nikamuuliza, "Pole ya nini?" Akasema, "Ya msiba. Chuma yenu imeuawa na wenyewe." Nikamfukuza. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwanangu, unajua nilivyofanya hapa. Wapiga picha kumi na mmoja wa mji huu wana Chuma mkononi kwa sababu mimi niliwaambia wanunue hiyo. Niliwaapia kwamba spea zipo na zitakuwepo, na kwamba siku nikishindwa kuitengeneza waje wanivunjie kioo cha dukani. Kama neno langu limekuwa uongo, nataka nilijue mimi kwanza kabla yao. Wewe umekaa na tai yako shingoni kwenye idara inayopokea kadi za matengenezo za mafundi wote. Hili huwezi usilijue.

Shangazi yako

3 Machi 1990

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na hii nimeiandika kwa mkono wangu. Huku hatujambo. Mke wangu anahesabu wiki, na ndoo nabeba mimi, mgongo ni shahidi. Mwambie baba nitamtafutia kile kifaa cha masikio, ingawa najua atasema watu wa siku hizi ndio wasiojua kuongea.

Kuhusu ile kamera, naomba usisikilize maneno ya barabarani. Hakuna uamuzi wowote uliotangazwa. Ukweli ni kwamba soko limebadilika. Kampuni shindani mbili zimeleta kamera zinazojirekebisha lenzi zenyewe: mpiga picha anabonyeza tu, lenzi inazunguka, picha inatoka safi. Mteja wa leo akiingia dukani hataki kujifunza kuzungusha lenzi kwa vidole. Ndiyo maana kampuni yetu nayo imetoa ile ya plastiki ambayo najua huko mnaiita Sabuni. Inanunuliwa sana. Kiwanda kina nafasi yake na mikono yake, hakiwezi kutengeneza kila kitu kwa wakati mmoja. Mengine yako juu ya cheo changu.

Nisalimie wote. Pumzika, Shangazi, unafanya kazi mno.

Mwanao

15 Machi 1990

Mwanangu Tai,

Marahaba. Baba yako anakushukuru kwa kifaa ambacho bado hakijaja na ambacho amesema hatakivaa. Jino langu la nyuma limeng'olewa, kwa hiyo ukisoma ukali humu usidhani ni jino.

Nimeisoma barua yako nikidhani nasoma kijikaratasi cha tangazo. "Soko limebadilika." Soko ni nani? Mimi ndiye ninayesimama dukani. Sabuni inauzwa, sikatai, lakini inauzwa kwa sababu mnaleta vijana watatu na meza na miavuli na zawadi za kalamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuma sijawahi kuiwekea mwavuli. Na Sabuni hizo ninazo tisa hapa mezani, betri zikiisha hazipigi hata picha moja. Chuma betri ikiisha inapoteza kipimo cha mwanga tu. Shata, kile kilango cha kupitishia mwanga, inaendelea kufunguka na kujifunga, na mtu mwenye akili anakisia mwanga kwa macho. Mpiga picha wa gazeti alipiga mafuriko yote hivyo. Unataka kuniambia kitu cha namna hiyo kimeshindwa?

Mimi nina mawazo mengine na nitakuambia. Nadhani mmegundua ugonjwa. Labda kuna kipande ndani yake kitakachooza baada ya miaka kumi, na nyinyi mmeamua kuizika kimyakimya kabla watu hawajajua. Kama ni hivyo niambie. Mficha uchi hazai. Nina watu kumi na mmoja wa kuwatazama usoni.

Barua ni nusu ya kuonana, lakini yako hii ilikuwa robo.

Shangazi yako

20 Mei 1990

Mwanangu,

Wiki tisa. Huku ni wazima, mvua zimekwisha, baba yako amepata mafua na amepona. Mkeo nadhani ameshajifungua au yu karibu, lakini nitajuaje?

Ofisi yenu imekataa hata kusikiliza simu yangu. Binti anayeipokea akisikia sauti yangu anasema "subiri kidogo" halafu ananiachia muziki. Nauliza tena: Chuma imekufa au haijafa? Neno moja linatosha, karatasi unayo.

Shangazi yako

4 Juni 1990

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kwanza habari njema: tumepata mtoto wa kike, tarehe kumi na nne Mei, mzima, mwenye sauti. Tumempa jina lako. Mama yake amesema kwa kelele zile lisingemfaa jina lingine.

Nilikuandikia Aprili, barua ndefu. Kama haikufika basi imepotea njiani.

Lakini na mimi nina swali, na naomba usikasirike. Mwezi uliopita kulikuwa na maonyesho ya biashara hapa mjini. Mtu mmoja wa kampuni shindani alisimama mbele ya bosi wangu akasema kwa kejeli, "Nyinyi kiwanda chenu si kina nafasi yake na mikono yake?" Hayo ni maneno yangu, Shangazi, niliyokuandikia wewe peke yako Machi. Yamefikaje kwake? Mtu huyo na Kicheko wanakula sahani moja. Barua zangu unamsomea nani? Nina mtoto sasa.

Kwa hiyo nitasema kidogo tu. Chuma haina ugonjwa. Nakuapia hilo, usiwatishe watu wako. Tatizo lake ni uzima wake, ilikuwa inazizibia nyingine njia. Zaidi ya hapo usiniulize, na kuhusu yatakayokuja mimi sihusiki na sijui lolote.

Mwanao

9 Agosti 1990

Mwanangu Tai,

Kwa somo yangu nimelia, sikufichi. Nimempiga picha baba yako alipoisoma habari hiyo, maana kuisikia asingeisikia, na picha nimeiweka humu. Ameshika barua juu chini. Mpe mtoto aione akikua.

Barua zako nilizisoma kwa sauti dukani mbele ya watu wangu, ndiyo, kwa sababu walikuwa na haki. Kama Kicheko alikuwa amesimama mlangoni, mlango ni wa umma. Hilo nimekosa na ninakuomba radhi. Ya Aprili sikuisoma kwa mtu kwa sababu haikuja, na nimeona kwamba barua zako hupotea pale tu ninapokuwa nimeuliza swali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Julai umekuja waraka kwa mafundi wote. Ninao hapa. Unasema Chuma imeondolewa rasmi, spea zote zirudishwe ofisi kuu kabla ya tarehe thelathini Septemba, na kamera za maonyesho zifunguliwe na kutolewa shata, ili zisiuzwe tena. Haukutiwa saini ya mtu, muhuri tu wa idara. Nikasema sawa, msiba umetangazwa. Halafu nikafika aya ya nne, penye maelekezo ya kufungua. Nimeinakili hapa kama ilivyo: "Bandua ngozi ya mbele. Chini yake kuna skrubu mbili. Anza na ya kushoto."

Mwanangu, kitabu cha kiwanda kinasema ya kulia kwanza. Ninacho, ukurasa wa thelathini na moja. Kila fundi anayekifuata springi ya mkono wa kuvutia filamu humrukia, na mimi ilinitoboa kidole gumba mwaka ule wa kwanza mpaka nikashonwa. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ukianza ya kushoto springi inatulia. Sikumwandikia mtu. Nilimfundisha mtu mmoja tu, amekaa kwenye kiti cha mbao pembeni yangu, na siku hiyo hakuwa amevaa tai.

"Sihusiki na sijui lolote." Umeniandikia hayo Juni. Kumbe kalamu iliyoandika hayo ndiyo iliyoandika na huu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiusikia tu huo msemo. Sasa sitaki habari za soko. Nataka kujua ulikuwa umekaa upande gani wa meza siku walipoiua.

Shangazi yako

30 Agosti 1990

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anaongezeka, ameanza kucheka na dari. Picha ya baba tumeibandika ukutani.

Waraka niliuandika mimi. Niliambiwa niuandike, nikakopi kitabu cha kiwanda mpaka nikafika pale, na mkono ukagoma. Niliwaona mafundi wote wanatobolewa vidole kwa ajili ya kamera ambayo tayari ni maiti. Nikaandika ya kushoto. Sikufikiri kwamba utanijua kwa hiyo skrubu. Au labda nilifikiri, sijui. Na barua ya Aprili haikupotea. Niliiandika, nikaichana.

Nitakueleza yote sasa, na hii usiisome dukani.

Kikao kilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana. Kiwanda kina mistari mitatu tu ya kutengenezea kamera za aina hii: Sabuni, Chuma na ile ya bei ya juu, Kubwa. Kampuni shindani zilikuwa zimetangaza kamera mpya mbili kila moja, na ili sisi tutengeneze ya kujibu ilibidi mstari mmoja ufungwe. Sabuni haigusiki, ndiyo inayotulisha. Kukabaki mbili. Kubwa ina jina la kampuni, ndiyo inayowekwa kwenye mabango, ndiyo inayopewa wapiga picha maarufu. Lakini wanunuzi wenye akili huenda dukani wakaishika Kubwa, wakaishika Chuma, wakaona Chuma inafanya yaleyale na shingo haiumi kwa uzito, wakaondoka na Chuma. Mkuu wa mauzo akasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wahandisi wakabisha. Walisema Chuma ndiyo kamera bora kuliko zote walizowahi kuchora.

Hapo ndipo mkuu wangu akaniambia nilete kadi za matengenezo. Akasema tuone kama kweli bado inatumika, au watu wameinunua wakaisahau kabatini. Nikaleta. Mkoa wako, Shangazi, miaka sita, hakuna springi moja iliyoagizwa. Kila kadi yako imeandikwa "imesafishwa tu". Akawaonyesha wahandisi: mkoa mzima, wapiga picha wengi kuliko popote, na hakuna hata mmoja aliyeichosha kamera hiyo mpaka ikaharibika. "Haitumiki," akasema. Akanigeukia. "Wewe ni wa huko. Ni kweli?"

Na mimi najua. Najua kwamba springi ile huchoka kila baada ya miezi minane kwa mtu wa kazi nyingi. Najua kwamba unazikata mwenyewe kutoka kwenye saa mbovu za mezani, na kwamba hujawahi kuagiza kwa sababu ya kwako ni bora kuliko ya kiwanda. Nilizikata na wewe. Kama ningesema, wangeuliza kwa nini kadi zimedanganya, na kibao chako cha fundi rasmi kingeshushwa wiki hiyohiyo, maana kutia spea isiyo ya kiwanda ni kosa la kwanza kwenye mkataba. Nikasema, "Ndiyo, Mkuu, huko hawaitumii sana."

Nilikulinda. Hilo ndilo nililokuwa naogopa kukuambia.

Mwanao

16 Septemba 1990

Mwanangu,

Mbusu somo yangu. Baba yako hajambo. Kifaa cha masikio kimefika na amekivaa siku mbili, akasema kumbe mimi naongea sana, akakivua.

Umenilinda. Nilipolifikia neno hilo niliinuka nikatoka nje nikasimama. Nani alikutuma? Ungeniuliza ningechagua nini, kibao au Chuma, ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Hukunilinda mimi, mwanangu. Ulilinda kiti chako, ukanifunika mimi juu yake ili kisionekane. Mtu akiuliza mbona kadi za shangazi zimedanganya, swali la pili lingekuwa: na wewe umejuaje, na umekaa nazo miaka mingapi mezani? Hilo ndilo uliloliogopa. Sema kwamba nimekosea kama nimekosea.

Lakini na mimi sitajifanya malaika. Zile kadi tupu nilizipeleka mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Kila nilipojaza kadi nilijisikia vibaya kuandika kwamba Chuma imevunjika springi. Ilikuwa kama kumsema mtoto wangu kwa jirani. Niliandika "imesafishwa tu" kwa majivuno, nikafurahi kwamba huko juu watasema kamera ya mkoa ule haiumwi. Sikujua kwamba kwenu kitu kisichoumwa ni kitu kisichokuwepo. Nimeipenda mpaka nikaisaidia kufa. Imeniuma na bado inaniuma ninapoandika.

Kwa hiyo nimefunga duka siku tisa. Daftari langu la kazi lina kila Chuma niliyoifungua: ya nani, lini, nini kimevunjika, saa ya nani imetoa springi. Nimezijaza kadi upya zote, mia mbili na kumi na nne, zenye ukweli, na jina langu kamili chini ya kila moja. Kwenye zile za miaka miwili ya mwanzo nimeandika pia jina la msaidizi. Unalijua jina hilo.

Zimo kwenye boksi hili. Sikuzipeleka kwa mkuu wako, nimezileta kwako. Unaweza kuzipeleka au unaweza kuwashia moto, mimi sitakuwepo. Ukiniandikia kwamba zimepotea njiani nitajua.

Na shata ya Chuma yangu ya maonyesho siitoi. Waje waitoe wenyewe, na waanze na skrubu ya kulia.

Shangazi yako

2 Novemba 1990

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto ameota jino na sote hatulali.

Nimechelewa kwa sababu boksi lilikaa chini ya meza yangu siku kumi na saba. Sitasema kwamba nilikuwa nasubiri nafasi. Nilikuwa naogopa, na ulikosea sehemu ndogo sana.

Siku ya kumi na nane nilimpelekea mkuu wangu kadi zote, na jina langu nikamwonyesha mwenyewe kwa kidole kabla hajaliona. Akazipitia taratibu. Nilitegemea makelele. Akacheka kidogo, akasema, "Kumbe inaharibika hivi? Basi tumefanya vyema kuizika mapema."

Nikamwambia, "Mkuu, zilipokuwa tupu ulisema haitumiki. Sasa zimejaa, unasema ni mbovu. Zingekuwaje ndipo ingepona?" Akavua miwani. Akasema, "Kijana, isingepona. Mstari wa Chuma ulishapangiwa kamera mpya miezi miwili kabla ya kikao, na kalibu za kumiminia mwili wake zilishauzwa kama chuma chakavu. Wahandisi walitaka sababu, nikawatafutia. Kadi zako tupu zilinifaa, na kama zingekuwa zimejaa zingenifaa vilevile. Kamera nzuri kuliko ile inayobeba jina la kampuni haiwezi kuishi katika kampuni hiyo, hata ifanye nini. Kampuni shindani nazo zinaua zao, kaulize."

Kwa hiyo si wewe uliyeiua, wala si mimi. Tulisumbuka bure na tulidanganyana bure. Nilidhani kujua hivyo kutanipa nafuu, na haikunipa.

Barua ya kukushusha kibao itakufikia mwezi huu. Mimi nimeondolewa idarani, niko stoo, nahesabu maboksi ya Chuma yanayorudi kutoka mikoani. Tai haihitajiki huku. Nimeomba likizo ya wiki mbili mwezi ujao. Ningependa kuja na mke wangu na somo yako, kama mlango uko wazi. Kama hauko wazi nitaelewa.

Mwanao

14 Novemba 1990

Mwanangu,

Jino la mtoto lisuguliwe ufizi kwa kitambaa safi chenye maji ya baridi, na msimpe dawa za matangazo.

Kibao nilikishusha mwenyewe kabla ya barua yao. Niliwaita watu wangu wote kumi na mmoja nikawaambia kila kitu, pamoja na upumbavu wangu wa kadi. Nikawaambia kioo ndicho hicho, mawe yako barabarani. Hakuna aliyeokota. Yule wa harusi, kesho yake nimemwona anatoka kwa Kicheko na boksi jipya, na akaangalia chini. Simlaumu. Wengine kumi wameniachia kamera zao nizikague. Wa gazeti aliniletea saa mbovu nne za mezani ndani ya mfuko.

Kicheko naye alikuja. Safari hii hakucheka. Kampuni yake imeifuta ile kamera yao nzuri nyeusi, na yeye ameuza ishirini mwaka huu kwa kuwaapia watu kama nilivyoapa mimi. Nilimpa kiti.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta uongo ndani yake, na sikuuona, na hilo ndilo linalonisumbua. Hata ile ya Machi nilipoisoma mara ya kwanza niliiamini nusu. Mkuu wako huyo amesema maneno matamu mno, yanatuosha sote wawili kwa ndoo moja. Huenda ni kweli. Huenda umeyatunga ili mimi nipate usingizi, maana wewe una tabia ya kunilinda. Barua haina uso, mwanangu, na mimi maisha yangu yote kazi yangu imekuwa nyuso.

Njooni wote. Ukifika, kabla hujala na kabla hujalala, utakaa mbele yangu mchana kweupe, dirishani, uniambie tena kwa mdomo alichosema mkuu wako, nami nitakuangalia. Nikiona ni kweli, utalala kwenye chumba chako. Nikiona ni uongo, utalala kwenye chumba chako vilevile, maana wewe ni mtoto wa kaka yangu na sina mwingine. Ila mtoto nitamshika mimi, na wewe sitasema nawe mpaka useme ukweli.

Shangazi yako